Kalaptopu ka biti 32: angalia prosesa kabla hujatoa hela

Oya wadau, habari zenu, leo mezani nina haka kalaptopu kadogo, used, nimekachukua Kariakoo elfu tisini, na kwa nje kako poa kabisa, kibodi nzima, bawaba hazijalegea, betri inasukuma saa mbili na kitu. Wengi mnaniuliza kama hizi zinafaa kumnunulia mdogo wako anayeanza chuo. Hapana, na uzee wake siyo shida yenyewe, ngoja niwaonyeshe.

Humu ndani kuna Intel Atom N270, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya 2008, kori moja, gigahezi 1.6. Spidi tungevumilia, kinachokaua ni kwamba ni biti 32 tupu. Ukoo huu ulianza na Intel 386 mwaka 1985, ukatawala miaka na miaka, mpaka 2003 AMD, washindani wa Intel, walipotoa Opteron na Athlon 64 za biti 64, Intel naye akafuata, na toka hapo watu wanahama tu. Biti 32 maana yake kila sehemu ya memori inaitwa kwa namba ya tarakimu 32 za sifuri na moja, piga hesabu unapata sehemu bilioni 4.29, yaani GB 4 basi, na bodi ya haka yenyewe inaishia ramu GB 2.

Sasa huku kwenye programu ndo milango inafungwa mmoja mmoja. Windows 11 ilipotoka 2021 haikuwa na toleo la biti 32 kabisa, na sapoti ya Windows 10 imeisha Oktoba 14, 2025. Utasema basi naweka Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, hata mimi ndo kimbilio langu, lakini Chrome ya Linux biti 32 ilikatwa tangu 2016, Ubuntu, moja ya Linux hizo, wakafuata 2017, na hata wenzao wa Debian, ambao nawaheshimu sana kwa walivyozivumilia mashine za sisi tusio na hela, toleo la 13 la Agosti 2025 halina tena faili la kuinstoli kwenye biti 32. Humu nimeweka Debian 12, inawaka, unaandika, unasoma PDF vizuri tu, ila YouTube inakatakata hata ukishusha mpaka 360p.

Hapa sasa ndo watu wanapigwa, naomba mtulie. Kuna stika ya prosesa ya Core Duo na kuna ya Core 2 Duo, zote zimetoka 2006, majina kama mapacha, lakini ya kwanza ni biti 32 na ya pili ni biti 64! Hiyo namba 2 iangalie kwa macho yako, usisikilize maneno ya muuzaji. Na ukikuta Windows imeandikwa 32-bit usikimbie, inawezekana aliyeinstoli ndo aliweka hivyo, kwenye Windows 10 ingia Settings, System, About, soma mstari wa System type, ukiona x64-based processor, prosesa ni biti 64, unafuta unaweka ya biti 64 maisha yanaendelea, ila ukiona x86-based rudisha mezani.

Haka nampelekea mama mdogo dukani kwake aandikie mahesabu, bila intaneti, hapo katamfaa. Wa chuo mwongezee hela kidogo mchukue ya biti 64, hata kama imechubuka.