Bluebook kwa Mtahiniwa wa Kalkulasi
Kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari nchini Marekani anayejiandaa kwa mtihani wa AP Calculus, yaani mtihani wa kalkulasi wa kiwango cha chuo, ningemsihi mzazi wake asiipuuze programu ya Bluebook ya kufanyia mitihani kwenye kompyuta, ambayo College Board, shirika linaloandaa mtihani huo, huitoa bila malipo. Tangu Mei 2025, maswali 45 ya kuchagua hufanyiwa humo, na kwa 15 kati yake kikokotoo cha Desmos kimo ndani, hivyo aliyezoea kuchora grafu, kurekebisha mihimili na kutafuta mahali mikunjo miwili inapokutana hapotezi dakika zake kwa kuhangaika na vitufe. Hata hivyo, maswali 6 ya kujieleza husomwa kwenye skrini lakini hujibiwa kwa mkono katika kijitabu cha karatasi, na hapo ndipo programu peke yake haitoshi, kwa kuwa mtahiniwa lazima aonyeshe hatua zake na kutoa sababu, stadi ambayo haijengwi kwa kubofya. Mwanangu nilimwekea daftari kando ya kompyuta, nikampimia muda kama ulivyo kwenye mtihani: dakika 30 kwa maswali 2 yanayoruhusu kikokotoo, kisha dakika 60 kwa 4 yasiyoruhusu.