Blanketi la anga: la kwanza lilinitia hasara, la pili silitoi

Kipupwe kikiingia na kusi ikianza kuvuma usiku, mimi na mdogo wangu hukaa sebuleni kwetu Kikwajuni kutazama hadithi za anga: vyombo vinavyovuka nyota, maroboti, watu waliohamia sayari nyengine. Tunazipenda tangu tuko skuli. Nilitaka blanketi moja jepesi lenye picha ya anga, la kujifunika wawili, na nimelipata baada ya kununua mara mbili.

La kwanza niliagiza kwa simu, likaja na boti kutoka Dar es Salaam. Picha yake chombo kikipita karibu na pete za Zohali, nzuri mno, hata sikuuliza kipimo. Kumbe ni sentimita 100 kwa 130: ukifunika mabega, miguu iko nje. Na kitambaa chake kilikuwa na pamba nyingi, picha imebandikwa juu kama maandishi ya fulana. Kufua mara tatu tu, pete za Zohali zikapasuka pasuka na weusi wa anga ukawa kijivu. Nilimpigia muuzaji, akanambia kilichokwisha kufuliwa hakirudi. Iliniuma, maana mdogo wangu alikuwa ameshalizoea.

Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja anayechapa fulana. Rangi nzuri ya picha, alinieleza, hupigwa joto kali mpaka inageuka mvuke na kuingia ndani ya uzi wenyewe, na uzi unaoipokea ni poliesta, pamba haiishiki. Ikishaingia, haibanduki. Tangu hapo sinunui blanketi la picha bila kulishika. Napitisha kiganja kwanza: ukisikia ugumu kama plastiki, liache. Kisha natenganisha manyoya kwa vidole. Yakiwa marefu, weupe wa chini unachungulia na picha inakuwa na ukungu. Mafupi yaliyobanana ndiyo yanayoonyesha hata nyota ndogo.

La pili nililipata Darajani, shilingi elfu 35 baada ya kuomba kupunguziwa. Mita moja na nusu kwa mbili. Nikaomba mzani duka la mchele la jirani: gramu 850, yaani kama 280 kwa kila mita ya mraba. Kwa baridi yetu inatosha kabisa. Zito zaidi ya hapo utalitupa usiku wa manane.

Na picha yake! Ni ile nebula ya Carina, wingu kubwa la gesi na vumbi huko angani, iliyopigwa na darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021. Picha ikatolewa Julai 12, 2022. Chini milima ya vumbi ya rangi ya kutu, juu buluu imejaa nyota. Rangi hizo zimewekwa na wataalamu, kwa kuwa darubini hiyo hunasa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho yetu. Mpenzi wa hadithi za anga akijifunika mahali penyewe, pa kweli, anafurahi kuliko akipewa chombo cha kuchora. Hayo ni maoni yangu, lakini mdogo wangu naye kakubali.

Juni tulikwenda nalo Makunduchi kwa bibi. Baada ya Isha, kwenye giza la huko, nikamwonyesha mdogo wangu Msalaba wa Kusini, kisha kulia kwake, chini kidogo, kidoa cha mwanga hafifu: ndiyo Carina, karibu miaka 7,600 ya mwanga kutoka hapa. Alikuwa kajifunika picha yake huku akiitazama yenyewe. Bibi akauliza, "Mwanangu, na hilo blanketi linauzwa wapi?"

Kasoro linazo. Poliesta hainywi jasho, kwa hiyo kaskazi ikianza nalikunja. Masika nguo za kabatini hushika harufu ya unyevu, nalo naliwekea kijifuko cha karafuu. Msilifukize udi juu ya chetezo, cheche moja inalitoboa. Nafua kwa maji baridi, naanika kivulini, pasi silipitishii.

Limeshafuliwa mara kumi na zaidi, na ile buluu ya juu iko vile vile. Wiki ijayo narudi Darajani kumtafutia bibi lake.