Tui la boksi: kwenye maharage sina neno, kwenye mchuzi wa samaki hasha

Tui la boksi nililolinunua juzi juzi kwenye duka moja la vyakula hapa mjini lilinikatikia ndani ya mchuzi wa changu. Halikukatika kidogo, la kusema unafumba macho unakula. Mabonge meupe juu, maji ya manjano chini, mafuta yamejitenga pembeni. Kesho yake nikalirudisha boksi tupu na risiti, nikitaka kujua tu kama mzigo ule umelalamikiwa na wengine. Kijana wa kaunta hata hakuniuliza lilikuwaje. "Bi mkubwa, tui ni tui. Likikatika, basi moto wako mkali." Akarudi kwenye simu yake.

Nikamwambia, "Mwanangu, nimepika kwa moto mdogo." Akasema, "Haya," bila ya kuinua uso.

Basi tuuzungumze huo moto. Tui la nazi iliyokunwa nyumbani hukatika likichemka kwa nguvu, likifunikwa, au likiachwa bila ya kukorogwa. Matone ya mafuta yanashikwa na protini, na protini ikipata joto kali inajikunja na kuyaacha mafuta yaende zake. Ndiyo maana mpishi husimama na upawa, anateka anamwaga, anateka anamwaga, sufuria wazi, mpaka tui lichemke mara ya kwanza, kisha anapunguza. Hili la boksi lilipata hayo yote, kwenye gesi, moto wa chini kabisa. Likakatika hata kabla ya kutoa mapovu. Tui likikatika kabla ya kuchemka, usitafute moto, tafuta uchachu.

Na uchachu umejaa kwenye hivi vitu vya haraka. Chukua ile chupa ya thomu (kitunguu saumu) na tangawizi iliyosagwa. Geuza usome: siki, au asidi ya sitriki, pamoja na chumvi nyingi, maana bila ya hivyo isingekaa rafuni. Thomu uliyoitwanga mwenyewe haina hayo. Chukua tungule (nyanya) ya paketi: imepikwa ikakaushwa maji, kwa hiyo kijiko kimoja cha chakula kina uchachu mwingi kuliko kijiko cha tungule mbichi. Ongeza ndimu uliyompakia samaki kuondoa shombo, na embe mbichi kama ndiyo msimu. Kila kimoja peke yake mchuzi unakivumilia. Vikikutana vyote kwenye sufuria moja na tui la boksi, mchuzi umekwisha. Hakuna paketi inayokwambia hivyo, na kijana wa kaunta ndiyo kabisa.

Halafu boksi lenyewe. Mbele pana nazi iliyopasuliwa, nyeupe pe, nene. Nyuma, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, imeandikwa kuwa ni tui lililopunguzwa mafuta. Kwa kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya vyakula, cha mwaka 2003, tui la kawaida liwe na mafuta yasiyopungua asilimia 10, lililopunguzwa lisishuke chini ya 5, na zito lianzie 20. Kwa hiyo boksi la 5 ni halali kabisa kuuzwa, ila ukilimimina unaliona zito, kwa sababu limetiwa gundi za chakula kama guar (E412) au xanthan (E415). Jicho linadanganyika. Kwa mchuzi angalia mafuta katika kila mililita 100: gramu 17 au zaidi, chukua. Chini ya 10, lirudishe rafuni.

Kama umeshikwa na jioni na huna jingine, fanya hivi na mchuzi utasimama. Kaanga kitunguu maji kwanza mpaka kigeuke rangi. Tia thomu ya chupa, kijiko kimoja cha chai tu, na iache kwenye mafuta mpaka ile harufu ya siki ipotee. Siki inaruka na mvuke; asidi ya sitriki haiendi popote, kwa hiyo ikiwa chupa yako ni ya sitriki, bora utwange punje tatu nne za thomu na uachane nayo. Tungule ya paketi kijiko kimoja, ikaange pamoja na bizari ya mchuzi mpaka mafuta yapande juu. Maji kikombe kimoja na nusu, chumvi, chemsha dakika tano, kisha shusha moto.

Sasa usilimimine tui moja kwa moja kutoka kwenye boksi. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Litie kwenye bakuli, mililita 200 zinatosha samaki wa watu wanne, teka upawa mmoja wa mchuzi wa moto uchanganye humo, kisha upawa wa pili, halafu ndiyo urudishe vyote sufuriani huku unakoroga. Usifunike. Samaki awe ameshakaangwa, aingie dakika tano za mwisho, na kuanzia hapo utikise sufuria badala ya kukoroga, usije ukamvunja. Ndimu ikamuliwe mezani, kila mtu kwenye sahani yake. Embe mbichi na tui la boksi, sahau.

Likishakatika? Toa samaki, epua, yeyusha kijiko kimoja cha chai cha unga wa ngano kwenye maji baridi robo kikombe, mimina, rudisha kwenye moto mdogo dakika tatu nne huku unakoroga kwa nguvu. Utapata mchuzi wa kuliwa. Mchuzi wa kumwekea mgeni hupati.

Lakini nikilisema vibaya kwenye kila kitu nitakuwa muongo. Boksi la aina ile ile, la mafuta kidogo, kwenye maharage ya kopo limenifurahisha. Kopo la gramu 400, mwaga maji yake, suuza, tia kitunguu, pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, hiliki mbili, maji nusu kikombe, ponda kijiko kimoja cha maharage kwenye ukingo wa sufuria, kisha nusu boksi la tui. Dakika kumi. Zito, tamu, halikatiki hata ulisahau kidogo, kwa sababu wanga wa maharage unayashika mafuta. Muhogo na mbatata hivyo hivyo. Kwa vyakula hivyo ningelipa nyota nne bila ya kusita. Tatu na nusu. Nikimkumbuka yule kijana, mbili.

Wali ni katikati. Ukipika na tui la boksi tangu mwanzo, linashika chini na ukoko unaungua kabla mchele haujaiva. Chemsha mchele kwa maji na chumvi, maji yakikaribia kukauka ndipo umimine tui, koroga mara moja, funika, upalie makaa au upunguze jiko kabisa.

Tui la unga sina hamu nalo. Mengi yana protini ya maziwa, kaseini, ambayo kwenye uchachu huganda, na kwa mwenye kudhurika na maziwa ni hatari asiyoitegemea kwenye kitu kinachoitwa nazi. Soma paketi.

Njia ya mkato ninayoiamini mimi ni nazi ya mashine ya sokoni, Darajani au Mwanakwerekwe hapa Unguja. Nazi ivunjwe mbele yako na uonje maji yake. Yakiwa machachu, chagua nyengine. Mwambie mwenye mashine asikune mpaka kwenye ganda, maana zile chembe nyeusi zinatia tui rangi ya vumbi. Mfuko wa nazi iliyokunwa usiuzungushe juani mjini mzima, kwa joto letu saa chache tu zinatosha kuichachusha. Ukifika nyumbani, kamua kasimile, yaani tui zito la kwanza, kwa kikombe kimoja cha maji vuguvugu, tui la pili weka mbali, na kasimile ligawe kwenye vifuko vya nusu kikombe uligandishe. Likiyeyuka utaliona limejitenga, mafuta mabonge na maji pembeni. Halijaharibika, usilimwage. Lipashe kidogo kwenye bakuli lililokaa juu ya maji ya moto, lipige kwa uma mpaka lirudi sawa, kisha ulitumie siku hiyo hiyo.