Picha ya mkwezi wa Newcastle: printi imenivunja moyo, ya maktaba nimeipenda

Jamani hii nimeilipia kwa hela yangu kwa hiyo nasema. Niliagiza printi ya Joseph Lycett, mchoraji wa zamani wa kule Newcastle ya Australia, ile ya Muaborijini (mwenyeji wa asili wa Australia) anakwea mti huku anachonga vidato kwenye shina, nikasubiri wiki tano, imekuja karatasi nene nzuri, rangi iko poa, lakini wameikata chini! Eti ienee kwenye fremu yao, sasa shina limebaki nusu na jamaa anaonekana kama kanata tu hewani. Duka silitaji, niliwaandikia wakanijibu ndo saizi yao.

Kwangu mimi vidato ndo picha yenyewe. Sisi tuliokulia kwenye minazi tunaelewa, ukitaka kumjua mkwezi angalia shina. Kule New South Wales, upande huo wa Newcastle, enzi hizo mtu na shoka lake la jiwe anachonga kidato kidogo cha kuingia kidole gumba cha mguu, anajiinua, mkono mmoja kaukumbatia mti, mkono wa pili unachonga kinachofuata, na mkalitusi wenyewe umenyooka hauna tawi mpaka juu sana. Anamfuata posamu, mnyama wa mfuko anayelala mchana kwenye shimo la mti, nyama inaliwa na ngozi zinashonwa joho la baridi. Na hapandi kwa kubahatisha, anakagua kwanza alama za kucha kwenye gome. Watu wa Tasman, yule baharia Mholanzi, walivyofika Tasmania, kisiwa cha kusini mwa Australia, mwaka 1642 waliona vidato vimeachana futi tano hivi wakahisi huko kuna majitu!

Msinunue kabla hamjaingia websaiti ya Maktaba ya Taifa ya Australia. Albamu ya Lycett iko pale, picha 20 za rangi ya maji za kama mwaka 1817, kuangalia ni bure na unazumu mpaka basi. Huyu alikuwa mfungwa wa kughushi noti, akapelekwa Newcastle kwenye ardhi ya Waawabakal, Waaborijini wa hapo, kwa hiyo aliishi jirani na watu aliowachora, hilo kwangu lina uzito. Maktaba nyota tano, printi mbili, na hizo mbili ni za karatasi.

Nilimwonyesha mjomba ile ya maktaba, yeye kakwea minazi miaka mingi. Akaisogeza kwa kidole polepole kutoka chini hadi juu, akauliza shoka anaweka wapi akitaka kushika kwa mikono miwili. Nikamwambia wengi walilichomeka mkandani. Akasema, eeh, kama sisi na panga.