Steshenari ya Kirumba kwa wenye makala za kongamano

Kwa wahandisi na watafiti wa Mwanza wanaoandaa makala ya kongamano la kiufundi, ipo steshenari ndogo Kirumba, upande wa kwenda Mwaloni, ambayo kwa maandishi ni ya kuaminika, kwa mabango ni nzuri, ila kwa slaidi yafaa mteja asibanduke hapo. Niliipelekea makala kuhusu kikaushio cha dagaa kinachotumia jua, inayolinganisha dagaa waliokaushwa humo na wale walioanikwa kwenye vichanja na mchangani.

Kilichonifurahisha ni kwamba fundi hakugusa kibodi kabla ya kusoma maelekezo ya waandaaji, ambao walitaka kiolezo cha IEEE, shirika la kimataifa la wahandisi wa umeme na elektroniki, yaani safu mbili, maandishi ya pointi 10, na fonti zote ziwe zimepachikwa ndani ya PDF. Aliuliza kwanza kama ukurasa ni wa A4 au wa Letter ya Marekani, kwa kuwa violezo vipo vya aina zote mbili, na Letter, iliyo pana kidogo lakini fupi kuliko A4, huweza kuisukuma mistari ya mwisho hadi ukurasa mwingine, na makala ikazidi kurasa zilizoruhusiwa. Kisha akafungua sifa za faili, akanionyesha fonti ya grafu moja ambayo haikupachikwa, akashauri grafu zitolewe upya kama vekta, yaani michoro isiyopoteza ukali ikibadilishwa ukubwa, badala ya picha za skrini, ili namba za kwenye mihimili zisififie zikibanwa ndani ya safu moja. Steshenari nyingi mjini zingechapa tu kilichomo kwenye flashi na kudai hela yao.

Bango lilikuwa la A0, yaani milimita 841 kwa 1189, lenye ramani ya ziwa kuanzia Mwanza hadi Ukerewe. Skrini huunda rangi kwa nuru nyekundu, kijani na bluu, ilhali printa hutumia wino wa siani, majenta, njano na mweusi, na bluu iliyokolea mara nyingi hutoka ikielekea zambarau. Ndivyo ilivyotokea kwenye nakala ndogo ya majaribio, wakapunguza majenta kabla ya kuchapa bango lenyewe. Vinaili yao, yaani plastiki ya kuchapia mabango, inang'aa mno chini ya taa, lakini hukunjwa na kuvumilia safari ya basi kuliko karatasi.

Kwenye slaidi, sifa zinapungua. Kila slaidi iliwekewa picha ya Jiwe la Bismarck, ule mwamba maarufu wa ziwani Mwanza, nyuma ya maandishi (sijui dagaa na jiwe hilo vinahusiana nini), sentensi ziliingia zikiruka kutoka pembeni, na matokeo yaliwekwa kama jedwali zima la makala, ambalo mtu wa safu ya tatu ukumbini asingeweza kulisoma. Niliomba badala yake grafu moja ya unyevu dhidi ya saa za kukausha, mistari itofautishwe pia kwa nukta na vikato, kwani wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Walirekebisha papo hapo bila malipo ya ziada.

Bei ya bango iko juu kidogo. Anayekwenda abebe maelekezo ya kongamano pamoja na data za grafu zake, na afike asubuhi, maana mchana foleni ya wanafunzi wa kutoa nakala hujaa hadi mlangoni.