Kiti mwendo tumepewa, ngazi nne zimetufungia ndani

"Kwani hapo nyumbani hamna mwanamume wa kumbeba?"

Hilo swali niliulizwa na dada wa huduma kwa wateja wa bima, baada ya kusikiliza muziki wao kwenye simu karibu saa nzima. Mpaka leo nikiwa naosha vyombo linanirudia, mikono inaanza kutetemeka.

Tunaishi Columbus, Ohio. Mume wangu alikuwa dereva wa lori hadi alipopata kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto havina nguvu tena. Bima yake ni ya kampuni binafsi inayofuata kanuni za Medicare, ile bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee na wenye ulemavu. Wakala aliyetuandikisha alikuja na kipeperushi kizuri: vitanda vya wagonjwa, viti mwendo, lifti. Neno "lifti" nililisoma kwa macho yangu, nikaweka saini.

Sitawadhulumu, kiti walitoa. Sisi asilimia 20, iliyobaki wao, kila mwezi, maana miezi 13 ya mwanzo kiti kinahesabika cha kukodi. Kijana aliyekileta alipiga magoti kwenye zulia, akampima mapaja kwa futi ya kamba, akashusha pa kuwekea miguu, akabadilisha mto mara mbili ili asije akapata vidonda. Kila alipotaka kumgusa aliomba ruhusa kwanza. Siku ile ungeniuliza, ningewapa nyota zote tano.

Sasa, nyumba yetu ina ngazi nne kwa mbele. Kiti kinaingia kila chumba, mlangoni kinaishia. Siku za kliniki wanangu wawili wanamwinua na kiti chake, mmoja mbele, mmoja nyuma. Kuelekea Krismasi yule mdogo aliteleza kwenye barafu. Gurudumu la mbele likagonga kona ya ngazi, mume wangu akabaki ameinamia pembeni, ameshikilia chuma cha ngazi kwa ule mkono mmoja mzima. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nirudisheni ndani." Kliniki hatukwenda.

Ndipo nikapiga simu. Naambiwa lifti ya kwenye kipeperushi ni ile ya kumnyanyua mgonjwa kitandani kwa kitambaa na kumhamishia kitini. Ya kupandishia ngazi si kifaa tiba, ni ukarabati wa nyumba, hawalipi. Hata kiti chenyewe kimeidhinishwa kwa mahitaji ya ndani ya nyumba. Ndani tu! Nikamuuliza, kwa hiyo daktari atamfuata chumbani? Akanijibu kwa lile swali lake.

Mume wangu si gunia la mkaa. Ni mtu mzima, baba wa familia, anaona haya kubebwa na watoto wake majirani wakitazama. Nikitulia nakubali kwamba kanuni hakuitunga yule dada. Lakini ulimi ni wake.

Na kilichoniuma zaidi ni kwamba hakunielekeza popote. Ofisa ustawi wa jamii wa kliniki ndiye aliyeniambia kuwa Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ina mipango wanayoiita waiver, na katika majimbo mengi mipango hiyo hulipia marekebisho ya nyumba kwa anayestahili, ikiwemo kujenga mteremko mlangoni. Kama una mgonjwa nyumbani, anza kwa kuulizia hilo. Na wakala akikutajia lifti, mwambie aoneshe kwa kidole ni lifti ya wapi, kabla hujashika kalamu. Sisi fomu tumepeleka, tunasubiri.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na nyota tatu mkononi, kwa ajili ya kiti. Nimefika hapa imebaki moja, nayo ni ya yule kijana aliyepiga magoti.

Leo theluji imeyeyuka. Mume wangu ameniomba nifungue mlango aone barabara. Amejisukuma hadi kwenye kizingiti, akafunga breki.