Barabara ya Morogoro, Dar: nyota tatu kiangazi, masika sijui nitoe nini

Asinisifie mtu Barabara ya Morogoro kabla hajapita bonde la Jangwani baada ya mvua ya usiku kucha. Masika moja hapa karibuni, gari lilitumwaga Magomeni Mapipa wakati tumelipa hadi Kariakoo. Konda: "Mwisho hapa, maji yamejaa, nauli hairudi." Pole hakuna. Wengine hatujashuka, yeye kashaanza kuita abiria wa Ubungo!

Haya, konda ana zake, lakini maji hakuyaleta yeye. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unakatiza jiji na kutanuka Jangwani kabla ya kuingia baharini kule Daraja la Salenda. Barabara nayo imepita chini kabisa bondeni. Kwa hiyo mvua ikipiga Pugu, Jangwani panaweza kufurika hata kama Posta jua linawaka. Mchanga na taka huziba njia ya maji chini ya daraja. Wakizoa tope leo, masika ijayo limerudi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa watu bondeni wakapelekwa Mabwepande. Na karakana ya mwendokasi, mabasi yenye njia yao wenyewe, ikajengwa wapi? Jangwani hapohapo! Mabasi yalianza kazi 2016, mafuriko ya 2018 yakayafuata humo humo. Hapo ndipo ninapochoka.

Sasa nisiwe mchoyo. Kimara hadi Magomeni, siku kavu, sijui barabara nyingine ya Dar ninayoipenda kama hii. Njia ya mabasi ni zege, iko katikati, na vituoni kuna nafasi ya basi kulipita lililosimama. Lisilosimama kila kituo halikai nyuma ya linalopakia. Ubungo ile tuliyokuwa tukiilaani imefunguka: tangu 2021, barabara za Morogoro, Mandela na Sam Nujoma zinapishana kwa ngazi tatu kwenye Daraja la Kijazi, na stendi ya mikoani imehamia Mbezi. Kimara hadi Kibaha wamepanua, njia nane, baada ya bomoabomoa ya 2017. Waliovunjiwa nyumba watatoa nyota zao wenyewe, mimi siwasemei.

Nilishaandika nyota tatu. Nimefuta. Barabara kuu ya kwenda bara inayokatika kwa mvua ya usiku mmoja, tena mwendo mfupi tu kutoka Kariakoo, nyota tatu za nini? Mbili. Daraja refu linajengwa hapo Jangwani. Likipitika nitaongeza, pengine hata nne.

Kwa wanaopita masika hii: amueni mkiwa Ubungo, msisubiri Magomeni. Wa Posta mshike Sam Nujoma hadi Mwenge, kisha barabara za Bagamoyo na Ali Hassan Mwinyi, mvukie Daraja la Salenda au la Tanzanite. Wa Kariakoo mshike Mandela hadi Buguruni, halafu Uhuru. Foleni mtaikuta, ila inasogea. Ukishanasa Magomeni, ingia Kawawa kushoto, Kinondoni hadi Morocco. Kulia ni Kigogo, bonde lilelile la Msimbazi. Na wale wa mikokoteni wanaovusha watu kwa hela, waacheni. Maji yakishakuwa na rangi ya chai ya maziwa, ukingo wa lami hauonekani, na pembeni yake kuna mtaro.